Sentensi Niliyowapachika Wafu wa Sanga

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kupiga mashine lilikuwa sentensi moja. Haikuwa na kosa la herufi; mimi sikosei herufi. Kosa lake ni kwamba niliitunga kichwani mwangu, nikaiingiza katika kazi ya mtu mwingine, nikaiwekea maelezo ya chini ili ionekane imetoka mahali, kisha nikaenda kula bukari, yaani ugali, na samaki kama mtu aliyefanya jambo jema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha miaka mitatu kabla, baba alipofariki, nikiwa bado na madarasa mawili ya kumaliza. Nilifanya kazi katika sekretaria moja hapa Kamina, upande wa barabara inayokwenda stesheni: chumba kimoja, kompyuta mbili, printa inayokohoa, na paneli za jua juu ya bati. Mwenye duka alikuwa mke wa askari wa kambi ya jeshi, mama aliyezaliwa mbali huko upande wa Kinshasa, ambaye alijaribu kwanza vitunguu, kisha vitenge, mwishoni akagundua kwamba hakuna mnunuzi mwenye haraka kama mwanafunzi wa chuo anayesubiri kutetea kazi yake ya kufunga masomo. Kazi hiyo sote tunaiita TFC.

Msomaji asiyetoka huku anaweza kudhani TFC huandikwa. Hapana. TFC hurithiwa. Mwanafunzi humtafuta aliyemtangulia, humwomba nakala yake, huileta dukani na kuiweka mezani kama mtu anayeleta suruali kwa fundi. "Pale fasi ya Kaniama, weka Malemba," anasema, halafu anatoka nje kuzungumza na simu. Mimi nilibadilisha. Siku moja, kwa amri moja tu ya kibodi, ng'ombe wote wa Kaniama walihamia Malemba-Nkulu, na wavuvi wa Lualaba wakajikuta wanachunga mifugo mpaka ukurasa wa arobaini. Jopo la watahini halikuona. Mwenye kazi ile leo ni ofisa, na ana mhuri.

Niliwadharau wote. Nilisoma kila kitu nilichochapa: sheria, afya ya jamii, uchumi wa mahindi, historia ya falme. Nilijifunza maana ya maneno ambayo wenyewe walikuwa wakiyatamka vibaya siku ya utetezi. Nilipima pambizo kwa rula juu ya kioo. Nilinawa mikono kabla ya kushika karatasi nyeupe. Nikiona nafasi mbili kati ya neno na neno, nilifuta moja papo hapo. Dharau ni chakula kizuri cha mtu asiye na diploma, hushibisha haraka. Nilikula hicho asubuhi na mchana, na nikaamini kwamba nimesoma kuwapita.

Sasa sentensi yenyewe. Mwanafunzi mmoja wa historia aliniletea TFC kuhusu makaburi ya kale ya Sanga, kule ziwa Kisale. Sura yake ya pili iliishia kwa mistari mitatu juu ya ukurasa mpya, na chini yake weupe mtupu. Mistari mitatu! Nilipunguza pambizo, ikabaki. Nilipunguza ukubwa wa herufi, kurasa nyingine zikaharibika. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Niliporudi niliandika, kwa Kifaransa, kwamba watu wa kale wa Sanga waliwalaza wafu wao uso ukielekea ziwa, ili roho isiache kamwe kuyaona maji. Chini nikaweka maelezo marefu: mahojiano yetu na wakaaji wa Sanga, kandokando ya ziwa, wakati wa kiangazi. Maelezo yakaujaza ukurasa kutoka chini, sentensi ikaujaza kutoka juu. Ulipendeza. Kwa Kifaransa uongo huvaa tai.

Mwenye kazi hakuisoma. Jopo lilimsifu kwa kwenda uwanjani kufanya utafiti. Alikuja dukani kunisimulia sifa hizo huku akinipigapiga bega, na mimi, badala ya kuogopa, nilijisikia kama mtu aliyepata shahada kupitia dirishani.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mwingine aliirithi TFC ile. Sentensi yangu ilikuwemo. Mwaka wa baadaye ikaja tena, safari hii imeongezewa maneno mbele: "Watafiti wengi wanakubaliana kwamba..." Nilikaa nikiitazama. Watafiti wengi walikuwa mimi, na mchana mmoja wenye joto. Nikaichapa tena vizuri, nikanyoosha pembeni, nikatia nukta. Wanafunzi wale wakamaliza, baadhi yao wakapata kazi ya ualimu, wakaingia madarasani na sentensi yangu mfukoni.

Niseme sasa kuhusu dada yangu mdogo, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Alikuwa anamaliza mwaka wa nane katika shule ya parokia, na kwetu baada ya mwaka wa nane mtoto anachagua sehemu yake ya masomo. Yeye alitaka Kilatini na falsafa, ile tunayoiita Latin-Filo. Lakini prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa ametangaza kwamba sehemu hiyo imepitwa na wakati: itafunguliwa tu kama wanafunzi kumi na watano watajiandikisha kabla ya likizo. Wasipofika, inafungwa moja kwa moja, na wote wanapelekwa sehemu ya kompyuta. Dada yangu alichukua karatasi akaanza kuzunguka na kuandikisha majina. Alikuwa amefikisha kumi na matatu, pamoja na lake.

Mama alikuwa anamenya mihogo uani siku dada alipolileta jambo hilo nyumbani. Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa mashine.

"Kilatini?" nilimwambia dada. "Utaongea na nani? Na maiti?"

"Na weye unaongea na nani kutwa nzima ku kompyuta?"

"Mimi natumika," nikajibu; kwetu kutumika ni kufanya kazi.

"Unatumika, kweli. Hata punda anatumika."

"Muache aeleze," mama akasema.

"Mama, kule banasoma historia, banasoma falsafa, banasoma namna ya kubishana na mutu bila kumutukana."

"Ya kubishana unajua tayari. Ya kutukana njo umeanza sasa hivi," mama akasema.

"Nataka kusoma bintu ambavyo sijui bado vitanisaidia wapi," dada akasema. "Vile ninavyojua vitanisaidia wapi, nitajifunza tu siku nikivihitaji."

Nilicheka. Nilimpa hotuba nzima, na nakiri kwamba kila neno lake nilikuwa nimelichapa katika matangazo ya watu: dunia inabadilika, kesho ni ya mashine, vijana wajiandae. Sikuwa nimelifikiri hata moja. Ukweli ulikuwa mbele ya pua yangu. Sehemu ya kompyuta ya shule ile haikuwa na kompyuta. Mwanafunzi wake mmoja aliwahi kunionyesha daftari: kibodi nzima imechorwa kwa rula, safu kwa safu, na mwalimu alikuwa akiwafundisha kuweka vidole juu ya karatasi. Nilimsifu kwa mistari iliyonyooka. Na mimi mwenyewe, niliyekuwa na mashine ya kweli, kila nilichojifunza juu yake kilikuwa kinaoza mikononi. Nilikariri mahali pa kila amri. Programu mpya ikaja ikazificha. Nilijua kuziponya diski ndogo. Diski zikafa zote. Sasa wanafunzi walikuwa wanakuja na simu zenye programu inayotunga sura nzima kabla yai halijachemka, na walichotaka kwangu ni kuchapisha tu, bila kusoma, kama kawaida yao. Mke wa askari alikuwa ameshaanza kusema kwamba kompyuta moja inatosha. Mimi nilikuwa mtu anayekaa juu ya tawi linalokatwa, na kazi yangu ilikuwa kulisifu shoka.

Wiki ile akaja mtaalamu kutoka Lubumbashi. Prefe alimwita azungumze na wanafunzi kabla hawajachagua, katika ukumbi wa parokia, juu ya vijana na kesho. Siku moja kabla alipita dukani kwetu na viatu vyake vya ncha kali kuchapisha vyeti vya watakaohudhuria. Vyeti vilisema wamefaulu. Hotuba yenyewe alikuwa bado hajaitoa. Akaomba pia "kitu ya hapahapa" ya kupambia maneno yake, na mke wa askari akamwazima TFC moja iliyokuwa inakusanya vumbi kwenye rafu. Sikuangalia ni ipi.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu siwezi kukaa mahali ambapo siwezi kutoka. Mtaalamu alizungumza vizuri, kama kinanda kilichotiwa umeme. Alisema kwamba miaka michache ijayo kazi zote tunazozijua zitakuwa zimekufa. Hakusema ni nani aliyemwambia. Alisema Kilatini ni lugha ya makaburini. Kisha akainua kidole.

"Bankambo yetu, babu zetu ya Sanga," akasema, "walizikwa wakitazama ziwa! Hata maiti ya Katanga ilikuwa inatazama mbele! Na ninyi, wazima, munataka kutazama nyuma?"

Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga.

Dada yangu akasimama katikati ya ukumbi.

"Papa, aksanti kwa maneno. Nani alisema ile ya Sanga?"

"Ni kitu inajulikana, mutoto yangu."

"Inajulikana na nani?"

"Na bantu ya chuo. Iko mu kitabu."

"Kitabu gani? Nkambo yetu, mama ya mama, alizaliwa kule kando ya Kisale. Minyi sijawahi kuisikia kwake. Njo maana nauliza."

"Nkambo yako alitetea TFC mwaka gani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Walimu walicheka, akina mama wa kwaya walicheka, na kijana mmoja mbele alipiga mbinja. Dada hakukaa. Alisubiri wanyamaze, akasema tena, kwa sauti ileile, "Kitabu gani?" Prefe akasimama akiwa mwekundu wa macho. Mgeni ametukanwa, akasema. Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi mbele ya bendera, msichana huyu ataleta ushahidi kwamba maneno ya mtaalamu si kweli, au ataomba radhi mbele ya shule nzima.

Mlangoni, tulipokuwa tunatoka, wasichana wawili walimfuata dada yangu wakamwomba awafute kwenye karatasi yake. Mmoja alisema, "Kama hii njo falsafa, hapana." Majina yakabaki kumi na moja. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba akiomba radhi Jumatatu, karatasi ile itabaki na jina lake peke yake.

Na mimi nilikuwa nimekaa kimya karibu na mlango. Ningeweza kusimama. Maneno yalikuwa machache sana: ni mimi, niliitunga. Nilijiambia kwamba ukumbini si mahali pake. Nilijiambia kwamba nitalisema vizuri zaidi baadaye, kwa mpangilio. Woga wangu una adabu sana. Daima huomba muda wa kujiandaa.

Mchana uleule dada alikuja dukani. Mke wa askari alikuwa amekwenda sokoni. Dada aliniomba nakala za TFC zote za historia tulizokuwa nazo rafuni, akazitandaza sakafuni, akapiga magoti kati yake.

Ningeweza kumwambia pale. Badala yake nilimpa kalamu.

Nilimtazama kwa muda wa saa mbili. Alianza na TFC aliyoitumia mtaalamu, ambayo alikuwa ameirudisha dukani mara tu baada ya hotuba. Akatafuta sentensi, akashuka kwenye maelezo ya chini, akaona jina la aliyetajwa, akaitafuta TFC ya huyo, akafungua, akashuka tena. Aliandika kwenye kipande cha karatasi nani amemtaja nani, kwa mishale. Wawili walikuwa wanatajana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akisema amepata kwa mwenzake. "Angalia hawa," alisema, "banaazimana chumvi na hakuna mwenye chumvi." Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Mimi nilikuwa nimechapa maelfu ya maelezo ya chini, nikajua kuyapanga hata nikiwa nimefumba macho, na haikuwahi kunijia kwamba maelezo ya chini ni mlango na mtu anaweza kuusukuma.

Akafika kwenye ile ya kwanza kabisa. "Mahojiano yetu na wakaaji wa Sanga," alisoma kwa sauti. "Huyu hakutaja mutu mwingine. Huyu alienda mwenyewe." Uso wake ulififia kidogo. Kama mtu alikwenda kweli, basi yeye alikuwa na kosa, na Jumatatu ilikuwa imekwisha.

Namba ya simu ya mwenye kazi ilikuwa imeandikwa nyuma ya nakala kwa kalamu. Siku hizi yuko Kaniama, ofisini. Dada akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Minyi? Sanga?" Mtu yule alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto, tangu nizaliwe sijakanyaga kule. Na ile njia? Nitafuata nini?"

"Sasa haya mahojiano?"

"Mahojiano gani?"

Dada akamsomea sentensi yote.

"Ah! Iko nzuri! Minyi njo niliandika vile?"

"Jina iko yako, papa."

"Jina ni yangu, kweli. Lakini uliza ule kijana ya mashine. Ile kazi alikuwa anaijua kunipita minyi mwenyewe."

Simu ikakatika. Dada aliinua kichwa akanitazama. "Yaya," akasema; kwetu ndivyo anavyoitwa ndugu mkubwa.

Nikamwambia. Nilieleza vibaya, nikirudia mwanzo mara tatu. Alisikiliza akiwa bado amepiga magoti.

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ukurasa ulikuwa na mistari mitatu tu."

"Mitatu."

"Mitatu. Chini palikuwa peupe."

"Kwa hiyo uliogopa fasi nyeupe," alisema. Sijawahi kudharauliwa vizuri namna ile. Mimi ninayewadharau watu nilijua mara moja kwamba hii yake ni ya daraja la juu, kwa kuwa haikuwa na hasira.

Akakunja karatasi yake ya mishale. "Jumatatu utakuja weye. Minyi jina yako sitasema. Utaisema mwenyewe, ao nitaomba radhi."

Nilimsihi. Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu zaidi kuiandika. Nilimwambia nitafukuzwa kazi. Nilimwambia wenye TFC wale sasa ni walimu wake mwenyewe, wawili wao, na watamfanya ateseke. Mwisho nikamwambia, "Omba tu radhi. Ni maneno."

"Maneno njo kitu nataka kusomea," akasema, na akaanza kuzirudisha TFC rafuni, moja moja, kwa mpangilio nilioupenda mimi.

Jumapili nilikwenda misa na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Niliandika ungamo langu. Niliandika mara kumi na moja. Mara ya tano lilikuwa kurasa mbili na lilikuwa na utangulizi. Mara ya nane nilijikuta naeleza hali ngumu ya vijana wa nchi yetu, nikachana. La kumi na moja lilikuwa na mistari sita.

Jumatatu, kabla ya kuingia uwanjani, nilihesabu tena mistari yangu sita nyuma ya ukuta wa shule. Bendera ilipandishwa. Prefe akamwita dada yangu mbele, naye akasema, "Prefe, ushahidi uko hapa," akasogea pembeni ili nionekane. Nikasoma. Nilisema kwamba sentensi ya Sanga niliitunga mimi ili kujaza ukurasa, kwamba hakuna mkaaji wa Sanga aliyehojiwa, na kwamba watu wote walioirudia baada ya hapo walinakili bila kuuliza.

Walimu wawili walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Kwa hiyo ni bongo?" prefe akauliza.

"Ni bongo, prefe. Uongo mtupu."

"Na walizikwa wakitazama wapi?"

"Sijui."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Lakini niliposema neno lile nilijisikia ajabu, maana kwa miaka yote ya kuchapa kazi za wasomi sikuwa nimelichapa hata mara moja. Hakuna TFC iliyosema haijui. Zote zilijua kila kitu, kutoka jalada mpaka jalada, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuangalia.

"Huyu dactylo, mpiga mashine tu, anataka kubomoa diploma za bantu," mwalimu mmoja alisema kwa sauti. Wengine wakakubali kwa vichwa. Hakuna aliyemwomba radhi dada yangu. Prefe alisema tu kwamba jambo limekwisha, kwa sura ya mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Mtaalamu alikuwa ameshaondoka na vyeti vyake kwenda mji mwingine, na nimesikia kwamba huko bado anawainulia wafu wa Sanga kidole. Kwake kesho ni bidhaa, na bidhaa haiulizwi ilikotoka.

Saa sita mke wa askari alikuwa amekwisha kupata habari. Alinisubiri mlangoni.

"Mutoto, minyi nauza karatasi," alisema. "Weye umeanza kuuza ukweli. Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna. Basi nenda kwa huyo hakuna akulipe."

Hakusema kwa ukali. Alinipa hata mkate. Wateja wake walikuwa wanafunzi wa chuo, na hakuna mwanafunzi wa chuo atakayempa kazi yake mpiga mashine anayeungama.

Wasichana wawili waliofutwa hawakurudi. Lakini alasiri ileile walikuja kwa dada yangu watoto wanne wa kambi ya jeshi, wanafunzi wa mwaka wa nane kama yeye, wasichana watatu na mvulana mmoja, watoto wa askari waliotoka pande zote za nchi. Nilikuwa nimekaa uani kwetu, sina pa kwenda, nikawasikia. Dada aliwauliza kwa nini wanataka, maana asingepokea jina bila kuuliza. Mkubwa wao, msichana mrefu mwenye Kiswahili alichojifunzia hapa, alisema, "Papa banamuhamisha kila mara. Nimebadilisha shule mara tano. Mashine ya kule, hapa haiko. Kitabu ya kule, hapa haiko. Kichwa tu njo natembeaka nayo."

Nimesikia hotuba nyingi juu ya kujiandaa kwa dunia inayobadilika, na nyingine nimezichapa mwenyewe kwa herufi nene. Hiyo ya msichana wa kambi ndiyo peke yake ambayo msemaji wake alikuwa amewahi kubadilikiwa na kitu.

Kumi na moja na wanne ni kumi na tano. Prefe aliihesabu karatasi mara mbili, akatafuta jina lililorudiwa, hakulipata, akatia sahihi.

Sitapamba. Sehemu ile ilifunguliwa katika chumba chenye dirisha lililovunjika. Mwalimu wa Kilatini ni mmoja, na nusu ya wiki yuko shambani kwake. Kuna wanafunzi wanaokariri falsafa kama wale wengine walivyokariri kibodi ya karatasi, na hao nawadharau vilevile, bila upendeleo. Kilatini peke yake hakimponyi mtu ujinga. Nimeona mtu anayekijua akinakili TFC.

Miaka miwili imepita. Dada yangu yuko mwaka wa tatu wa Latin-Filo. Kati ya kumi na tano wamebaki kumi na wawili, na sehemu haijafungwa. Sekretaria imefungwa, na mke wa askari amehamia na mume wake kambi nyingine. Mimi nauza vocha za simu asubuhi, na nimejiandikisha kwa mtihani wa taifa kama mtahiniwa aliyejifundisha mwenyewe, sehemu ya Kilatini na falsafa. Mchana nasoma katika madaftari ya dada yangu, na yeye ndiye anayenisahihisha.